Dawa Niliyoitema Jivuni

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha huku kwetu Iguhu, utanivumilia. Daftari hili nililianza siku niliyoambiwa nina TB, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu aliyetaka kukaa karibu na mdomo wangu. Sasa nalinakili vizuri kwa ajili yako wewe ambaye umeambiwa jana, au mama yako ameambiwa. Kuna watu nitawasema vibaya humu. Pasta wangu simtaji jina, kwa sababu hayuko hapa kujitetea. Mahali sina uhakika nitasema sina uhakika. Na ukiona nimejitetea sana, ujue hapo ndipo nilikosea.

Ilianza na kikohozi cha Krismasi. Boma zima lilikuwa linakohoa, vumbi lilikuwa jingi, kwa hivyo sikujali. Wengine wakapona, mimi nikaendelea. Kufika katikati ya Januari nilikuwa nafunga sketi na pini, na asubuhi shuka langu ungeweza kulikamua kama nguo iliyotoka mtoni. Nilipokohoa damu kidogo kwenye leso, niliikunja leso nikaificha siku mbili nzima. Sijui nilikuwa namficha nani.

Hospitalini watu wa kikohozi wana benchi lao nje, chini ya mabati, mahali upepo unapita. Unapewa maski, unakaa. Shida ya hilo benchi ni kwamba kila anayeenda kliniki ya watoto lazima apite mbele yake. Nilimwona jirani yangu, mama tunayechota maji naye, akipita na mtoto mgongoni. Alipofika mbele yangu alivuta shali ikamfunika mtoto mpaka kichwani. Hakunisalimu. Labda hakunitambua na maski. Mimi nilimtambua na sikumsalimu pia, kwa hivyo tulikuwa sawa.

"Ni miezi sita," sista wa kliniki ya kifua akatuambia majibu yalipotoka. "Kila siku, bila kuruka. Na lazima kuwe na mtu wa kukuangalia ukimeza. Nani nyumbani?"

Mume wangu, Baba Jafeth, aliangalia viatu vyake. "Mimi naendanga shamba mapema sana," akasema.

"Mapema kuliko dawa?" sista akamwuliza.

Tulipofika nyumbani alihamisha kitanda changu kwenye jiko la nje. Alikihamisha mwenyewe, akakipangusa, akatandika shuka safi, halafu akaondoka bila kuingia tena kwa mwezi mzima. Sharon, mke wa mwanangu Jafeth, alichukua rangi yake ya kucha akakipaka kikombe changu doa jekundu ili kisichanganyike na vya watu. Na mtoto wao Lavin, wa miaka miwili, ambaye nilimbeba tangu alipozaliwa, akawa anazuiwa mlangoni. "Usiende kwa Kukhu! Kukhu ako na wadudu!" Kukhu ndivyo watoto wa huku wanavyoita bibi yao. Baada ya siku chache mtoto alinisahau jina. Akiniona ananyoosha kidole na kupiga kelele, "Dudu!" Watu wazima walicheka. Sikucheka.

Kwa haki, sista mwenyewe alisema mtoto alindwe, na Lavin alipewa dawa yake ya kuzuia. Sharon hakuzua hilo. Lakini sista alisema pia kwamba nikishameza dawa vizuri kwa wiki kadhaa sitaambukiza tena. Hilo Sharon hakulisikia mpaka Agosti.

Kwa kuwa nyumbani hakupatikana mtu, nililetewa Mwanaisha. Ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mjane, mzaliwa wa Mumias, anashona yunifomu za shule pale sokoni. Ni Mwislamu. Naandika hilo kwa sababu wakati huo ndilo jambo pekee nililoliona kwake.

"Hodi," alisema siku ya kwanza.

"Weka dawa hapo nje," nikamjibu kutoka kitandani.

"Dawa haiwekwi nje, Mama Jafeth. Inawekwa tumboni."

Akaingia, akavuta kigoda, akatoa vidonge kwenye paketi. Alipokuwa anavitoa alisema kitu kwa sauti ya chini.

"Unasema nini juu ya dawa yangu?"

"Nimesema Bismillahi."

"Usinisomee dawa!"

"Mimi nasema hivyo hata nikikata kitunguu. Meza."

Nikashika vidonge, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Kwa jina la Yesu!" Nikameza.

"Amina," akasema. "Sasa panua mdomo nione."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilimchukia. Nilichukia viatu vyake alivyovua mlangoni kama kwamba jiko langu ni mahali pa maana. Nilichukia vile hakuogopa. Wewe ukianza hizo dawa, mtu asikudanganye, siku za kwanza ni kazi. Mkojo unakuwa mwekundu kama soda ya machungwa, magoti yanauma, chakula kinanuka. Halafu wiki ya tatu njaa inakuja kama mtu aliyekuwa safarini. Nilikula obusuma peke yangu, ugali wa kumaliza sufuria, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha Mwanaisha.

Pasta alikuja wiki ya nne. Hapa nataka niandike polepole. Kanisani kwetu kina mama huenda kumwona mgonjwa, wanamwimbia, wanamwachia sukari. Kwangu walifika mpaka kwa ua, wakaimba kutoka huko, wakaacha sukari juu ya kisiki. Pasta peke yake ndiye aliingia ndani. Hakuvaa maski. Alikaa kitandani kwangu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu Januari hakuna mtu alikuwa amenishika. Ukisoma yanayofuata usilisahau hilo, mimi sijalisahau.

"Nani anakuletea dawa?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na anaisomea?"

Nikasema ndiyo. Ningeweza kumwambia ya kitunguu. Sikumwambia.

"Mama," akasema, "unaombewa upande huu, unasomewa upande ule. Mungu aanzie wapi?"

Nimefikiria sana maneno yake. Hakusema acha dawa. Nilimwuliza, na akasema, "Ukiamini utajua la kufanya." Kuacha niliacha mimi. Lakini Jumapili iliyofuata, niliposimama kanisani kusema najisikia nina nguvu, yeye ndiye aliyesema, "Nguvu hiyo si ya hospitali!" na ngoma zikalia. Niliweka madhabahuni maski yangu na paketi ya dawa. Paketi ilikuwa tupu, lakini aliyekaa nyuma hangejua. Wale kina mama wa kisiki walinikumbatia mmoja mmoja. Mama Felista, mkubwa wao, alinikumbatia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Nitakuambia ukweli, siku hiyo ningeacha hata kula ili nikumbatiwe vile.

Na nguvu nilikuwa nayo kweli. Ilikuwa ni nguvu ya wiki tano za dawa.

Sasa shida ikawa Mwanaisha. Nikimwambia nimeacha, ataripoti hospitalini. Kwa hivyo niliweka vidonge shavuni, nikanywa maji, nikapanua mdomo na ulimi nikiwa nimeupanga. Alipotoka nilitema jivuni, nikachochea jivu juu yake. Siku ya kwanza nilichungulia mlango kwanza. Siku ya nne sikuchungulia.

Wakati huo mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza. Alikuja bila kula wala kunywa, jua la Februari likiwa kali, midomo imemkauka. Na mimi, sijui niandike vipi hili, nilikuwa nachemsha chai makusudi wakati ule. Nilikuwa nainywa mbele yake polepole, na kuipuliza.

"Karibu chai," nilisema.

"Kunywa, Mama Jafeth. Mimi nafunga kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili yako."

Nilidhani atakasirika. Sikupata hata hiyo faida.

Wiki mbili na siku tatu nilitema dawa jivuni. Kikohozi kilirudi kidogo kidogo, nikakiita mafua. Kisha asubuhi moja Mwanaisha alikaa, akaniangalia shingo, akaangalia pini ya sketi ambayo ilikuwa imerudi mahali pake pa Januari.

"Mkojo wako ni rangi gani siku hizi?"

"Ni ile tu."

Alisimama akachukua kopo la kuogea, akaniwekea mbele ya miguu. "Enda nyuma ya jiko ukojoe humu. Ulete."

"Wewe ni nani wa kuniambia nikojoe?"

"Mimi ni mtu ametembea na kiu kutoka soko mpaka hapa ili nikuangalie ukinidanganya. Enda."

Nilienda. Sijui kwa nini nilienda. Mkojo ulikuwa mweupe kama wa mtu yeyote. Mwanaisha alichungulia kopo, kisha akachukua kijiti akachokora jivu. Vidonge vingine vilikuwa vimeungua, vingine vilikuwa vizima, vyekundu, vimeshikana. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga chini kwenye udongo. Hakuna kitu kimewahi kuniaibisha kama ule mstari.

"Hii ingeponya mtu," akasema.

"Mungu ameshaniponya."

"Basi mbona unakohoa?"

"Wewe huwezi kuelewa. Wewe si wa imani yetu."

Hapo ndipo alipandisha sauti mara ya kwanza, na Sharon akatoka nyumba kubwa kusikiliza. "Mume wangu alikufa na hii kitu! Alikuwa anaswali mara tano kwa siku, na alikuwa anafichanga dawa chini ya godoro! Unataka kuniambia nini mimi juu ya imani?" Alivuta pumzi. "Vaa viatu. Tunaenda hospitali."

Baba Jafeth aliita boda, akasimama pembeni. Mwanaisha alipanda nyuma yangu akanishikilia kiuno.

Hospitalini walisema tunaanza upya, siku ya kwanza. Na makohozi yangu yakapelekwa kupimwa kama ugonjwa umeshaizoea dawa. Ikiwa umeizoea, sista alisema, matibabu ni marefu na ni magumu kuliko haya. Nilingoja majibu nikimeza dawa. Siku ya kuyachukua nilikaa kwenye lile benchi tena, mvua ya kupanda ikiwa imeanza kupiga mabati. Mwanaisha angeweza kukaa ndani. Alikaa benchi la wakohozi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Tulikaa hivyo tangu asubuhi mpaka saa nane. Nilikuwa nahesabu waliokufa kwenye ukoo wetu, na nikiwaza kwamba mimi nitakuwa nimejiua mwenyewe kwa sababu ya kukumbatiwa.

Sista akaita jina langu. Dawa bado ilikuwa inafanya kazi.

Nililia. Mwanaisha akanipa leso. "Usilie ndani ya maski, inalowa."

"Nisamehe, Mwanaisha."

"Sijakusamehe. Nimekuja tu kusikia majibu."

Kuanzia hapo hakuuamini mdomo wangu tena. Alitaka nikimeza niongee, maana mtu mwenye vidonge shavuni hawezi kuongea vizuri. "Omba," akasema. "Ile sala yenu ndefu. Yote." Kwa hivyo kila asubuhi nilimeza dawa ya Bismillahi kisha nikasoma Baba Yetu kutoka mwanzo hadi mwisho, naye amekaa kwenye kigoda ananitazama midomo kama mwalimu. Nilifanya kwa hasira. Nilikuwa nakimbiza maneno. Mwezi wa Mei, mahindi yakiwa magotini, niliruka mstari.

"Umeruka mkate," akasema.

"Nini?"

"Kuna mahali pa mkate. Umeupita. Rudia."

Sharon alikuwa anaosha vyombo nje, akacheka mpaka sufuria ikamtoka mkononi. Mimi nilikasirika siku nzima. Lakini nilirudia, na siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu niugue nilisikia nilichokuwa nasema.

Sitaki udhani tulikuwa marafiki. Alikuwa ananichapa kwa maneno, na mimi nilikuwa namjibu. Siku ya Idd ya kuchinja, Baba Jafeth, bila kuniambia, alimshika jogoo wetu akamfunga miguu akaenda naye sokoni kwa Mwanaisha akiwa hai. Nilimwuliza kwa nini asimchinje kabisa. "Nikichinja mimi hatakula," akasema, kama kwamba ni jambo ambalo kila mtu alilifikiria. Mume wangu si mtu wa maneno. Huenda aliona aibu ya ile siku aliyoangalia viatu mbele ya sista. Sikumwuliza. Mwanaisha alikuja asubuhi iliyofuata akasema, "Jogoo wenu alikuwa mkali kama wewe. Lakini yeye aliiva."

Miezi ikaenda. Vidonge vikapunguzwa, nikaacha kufunga pini, nikavuna maharagwe yangu mwenyewe. Agosti, tukiwa tunavunja mahindi, Sharon alimleta Lavin akamweka mapajani mwangu, akaendelea na kazi. Mtoto alinishika masikio. Sharon hajawahi kuniomba msamaha. Mimi pia sijawahi kumwambia alikuwa na haki nusu.

Ningependa kumalizia hapo, lakini kulikuwa na jambo moja. Muda huo wote Pasta alikuwa anaendelea kunihubiri. "Mnamkumbuka Mama Jafeth? Aliweka dawa hapa! Mtazameni leo!" Watu walikuwa wanageuka, na mimi nilikuwa nakaa hapo mzima, mnene, dawa ya asubuhi ikiwa bado tumboni, nikinyamaza. Na Mama Felista, yule aliyenikumbatia, alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Nilikuwa namsikia kutoka upande wa pili wa kanisa. Alikuwa anapakwa mafuta kifuani. Nguo zilikuwa zimeanza kumning'inia. Nilijua anamngoja Mungu amfanyie vile alivyonifanyia mimi.

Nilimwambia Baba Jafeth nataka kusema ukweli.

"Wakikutoa kanisani nani atakuzika?" akauliza.

Hilo si swali dogo kwetu. Kanisa ndilo linaimba, ndilo linapika, ndilo linachimba. "Wewe utanizika," nikamwambia.

"Mimi sijui kuimba."

Nilimeza kidonge cha mwisho Septemba, siku ya Jumatano. Sista alinipima, akaandika, akasema nimepona. Jumapili Pasta akanipa kipaza sauti, kama kawaida, nishuhudie.

Nilisema hivi, nimeyakumbuka karibu yote: "Ile paketi niliweka hapa ilikuwa tupu. Nilikuwa nimemeza dawa wiki tano. Nilipoacha kikohozi kilirudi. Nimepona kwa dawa na kwa maombi, na aliyenisimamia ni Mwanaisha wa sokoni, Mwislamu. Mwenye kikohozi aende apimwe."

Mtu mmoja nyuma akaanzisha wimbo. Ngoma ikafuata. Nikaendelea kuongea, kipaza sauti kikazimwa, nikaendelea bila kipaza. Pasta akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Nilidhani ananipa nafasi. Akasema, "Tumwombee dada yetu. Ugonjwa umetoka kifuani umeingia kwa ulimi." Watu wakacheka, wengine wakanyoosha mikono kuniombea. Pasta mwenyewe hakucheka, nilikuwa karibu nilimwona. Nafikiri aliamini kweli muda wote ule, na nilikuwa nimemnyang'anya kitu mbele ya watu wake. Nilimhurumia. Pia nilitaka kumtupia kile kipaza sauti. Vyote viwili ni kweli.

Nilitoka nje peke yangu. Nilikuwa nimefika kwa ua wa michongoma nikasikia kikohozi nyuma yangu. Mama Felista alikuwa ametoka kama anayeenda chooni.

"Umetuaibisha," akasema.

"Ndiyo."

Alikohoa mpaka akashika ua. Alipomaliza hakuniangalia. "Huyo Mwislamu wako. Anaweza kuja kwangu? Lakini apitie nyuma, kwa mahindi. Watu wasimuone."

Nilimpelekea Mwanaisha ujumbe huo vilevile, bila kuulainisha. Alikuwa anashona, hakuinua mguu kwenye mashine. "Mwambie mimi sipiti kwa mahindi ya mtu kama mwizi," akasema. "Nitapita mlango wa mbele, saa tatu, na buibui langu. Na wewe utakuja na mimi."

"Mimi nije kufanya nini?"

"Kuomba. Mimi ile sala yenu siwezi kuianzisha, naweza tu kuisahihisha."

Jumatatu saa tatu tulisimama mlangoni kwa Mama Felista, kwenye njia inayopita mbele ya kanisa. Kina mama wawili waliokuwa wanafagia huko waliacha kufagia. Mama Felista akafungua nusu. Alimtazama Mwanaisha kutoka kichwani mpaka miguuni, akanitazama mimi, akawatazama wale wenye mifagio, muda mrefu, mpaka nikaona sasa anafunga.

"Ingieni basi," akasema kwa ukali. "Mnangoja nini hapo nje, niwabebe?"